Boti Iliyokuwa Ikienda Mazoezini Siku za Tufani

Saa tatu asubuhi, Jumanne, Meinir Pritchard yuko juu ya ngazi amebana pumzi. Mkono wa kushoto umeshika ukingo wa ubao mweusi uliopigiliwa ukutani. Mkono wa kulia umeinua brashi pana yenye kipande cha dhahabu, chembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kinapotea.

Mlango wa kituo unafunguliwa kwa kishindo. Upepo wa bandarini unaingia, na dhahabu inaruka, inapita juu ya boti ya uokoaji na kutua kwenye tairi la trekta.

"Huw! Mlango!" Meinir anafoka. "Nimeandika hapo kwa herufi za ukubwa wa kichwa chako: usifungue. Huoni au husomi?"

Huw Trekta, ambaye kazi yake ni kuivuta boti hiyo hadi majini, anarudi kinyumenyume akiomba radhi. Anajaribu kuibandua dhahabu kwenye tairi kwa ukucha. Haibanduki.

"Basi trekta nalo limepandishwa cheo," anasema.

Meinir hacheki. Hajacheka tangu Januari, na kila mtu hapa kijijini Porth Nefyl anajua sababu.

Ana miaka hamsini na minane na ni fundi wa maandishi. Anaandika majina kwenye pua za mashua, kwenye maduka na magari ya mafundi bomba, na mwezi mzuri humpatia pauni elfu moja na mia nne. Mwezi mbaya anakula alichoweka. Lakini kila mwaka, kuanzia Januari hadi Pasaka, huacha kazi za kulipwa, hupakia ngazi kwenye gari lake na kuvizungukia vituo vyote vitano vya boti za uokoaji vya kisiwa cha Ynys Derfel.

Kila kituo kina ubao wake. Boti ikitoka na kumleta mtu hai, ubao hupata mstari: tarehe, jina la chombo, idadi ya waliookolewa. Mistari hiyo huandikwa kwa dhahabu, na kwa miaka thelathini na mmoja imeandikwa na mkono wa Meinir. Halipwi. Nahodha halipwi, Huw halipwi, hakuna anayelipwa. Chama kinachomiliki boti kinaishi kwa michango, na watu wake wanajitolea.

"Kwa hiyo mimi ndiye mtu pekee kisiwani aliyesoma mbao zote tano," ananiambia akishuka kuchukua kipande kingine. "Ningepaswa kuliona hili mapema. Nina hasira na wao, lakini nikuambie ukweli, nina hasira na mimi mwenyewe pia."

Aliliona Januari, akiwa Aberhafn, mji wa watalii upande wa kusini. Pale kwa mwaka mmoja alikuwa na mistari sitini na mmoja ya kuandika. Kumi na tisa ilikuwa ya watu waliopeperushwa na upepo wakiwa wamekaa juu ya midoli ya kujazwa hewa. Mmoja alikuwa juu ya bata.

"Bata wa plastiki," anasema Meinir. "Nimemwandika kwa dhahabu, huyo bata."

Ukutani, karibu na birika la chai, palikuwa pamebandikwa karatasi kutoka makao makuu ya Chama. Ilivipanga vituo kwa idadi ya waliookolewa. Aberhafn ilikuwa juu kabisa, ikiahidiwa boti mpya. Chini kabisa palikuwa Porth Nefyl, kituo cha nyumbani kwake, kinachotazamana na bahari mbaya kuliko zote kisiwani. Mbele ya jina hilo paliandikwa kwamba boti itaondolewa mwisho wa Septemba.

Kutoka Aberhafn, boti ikienda mbio, inachukua dakika hamsini kufika Porth Nefyl. Maji ya baridi ya huku mwezi Machi hayampi mtu dakika hamsini.

Alirudi nyumbani akiendesha gari kwa hasira hivi kwamba ngazi ilianguka njiani mara mbili.

Februari, mtu wa makao makuu, Bwana Hallam, alikuja kuzungumza na wanakijiji kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Alikuja na kompyuta na picha za takwimu zenye nguzo za rangi. Alikuwa mpole na mwenye adabu, jambo ambalo lilizidi kuwaudhi watu.

Alisema kituo hiki kimeokoa watu wanne kwa miaka kumi na miwili. "Lakini," aliongeza akitabasamu, "kimekwenda mazoezini mara mia mbili na kumi na nne. Nyinyi mnapenda mazoezi kuliko kituo chochote."

Watu walitazama sakafu. Meinir akasimama.

"Tarehe kumi na mbili Machi, miaka kumi na moja iliyopita," alisema. "Tuambie, hiyo mashine yako inasemaje kuhusu siku hiyo?"

Bwana Hallam alitafuta. "Mazoezi. Kuanzia saa tisa na nusu mchana."

"Na upepo?"

Akatafuta tena, na safari hii alichukua muda. "Daraja la tisa. Tufani," alisema.

"Sasa wewe uliyesoma, nieleze. Ni mwendawazimu gani anayekwenda mazoezini kwenye upepo wa daraja la tisa?"

Kwenye benchi la tatu mumewe, Emrys, mvuvi wa kaa na kambakoche na shemasi wa kanisa hilohilo, alikuwa amekazia macho viatu vyake.

Kila mzaliwa wa Porth Nefyl angeweza kujibu. Hapa bahari ikimzidi nguvu mwenzenu, mnakwenda kumchukua, na hamsemi ameokolewa. Neno hilo ni la watalii. Mvuvi aliyeokolewa na majirani zake atakaaje nao baa Jumamosi? Kwa hiyo boti ikirudi na mtu wa kijijini, msimamizi wa kituo hujaza karatasi ya Chama kwa neno moja: mazoezi. Kesho yake mke au mama wa mtu huyo huleta kituoni mkate wa zabibu kavu. Anauweka juu ya meza ya zana, hasemi kitu, anaondoka. Wanaukata, wanaupaka siagi, na habari imekwisha.

Wazee wao walifanya hivyo na watoto wakafuata. Ilikuwa heshima. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu wa mbali atakaa na karatasi zile, ahesabu, na kuwaambia hawana kazi.

"Heshima gani hiyo ya kijinga?" Meinir anauliza, na hangoji jibu. "Tumefunika aibu za wanaume wetu mpaka tumejifunika sisi wenyewe blanketi la jeneza. Na wale wa makao makuu, siku zote hawakuuliza? Miaka kumi na miwili karatasi zinasema watu hawa wanafanya mazoezi kwenye tufani, na hakuna hata mmoja aliyeinua simu akauliza, jamani mna akili?"

Baada ya mkutano ule Gwilym Rowlands, msimamizi wa kituo mwenye miaka sabini na mmoja, alikwenda nyumbani na kurudi na sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na vijitabu vya majira ya maji kujaa na kupwa, kimoja kwa kila mwaka tangu aanze usimamizi. Pembeni mwa tarehe kadhaa alikuwa ameandika kwa penseli. Hakuandika majina ya wanaume wala ya mashua. Aliandika mikate.

Mkate, Nest. Mkate, Megan. Mkate, Nest tena.

"Mjomba Gwilym, hii ni nini?" Meinir alimuuliza.

"Mimi nilikula," alisema Gwilym. "Mtu akila lazima akumbuke kwa nani."

Walihesabu. Ilikuwa mikate thelathini na saba. Chini ya tarehe kumi na tatu Machi ya mwaka ule paliandikwa: Mkate, Meinir. Umeungua chini.

Bwana Hallam alikivuta kijitabu kimoja, akakisoma, akakirudisha kwa adabu. Alisema mikate si ushahidi. Aliwapa wiki sita. Waliookolewa wenyewe, au wajane na watoto wao kama wamefariki, wajaze fomu na kusaini, kila mmoja aeleze kilichotokea. Wakifika thelathini, kamati itakaa upya. Wiki sita zinaisha Alhamisi hii.

Meinir alizichukua fomu akaanza kubisha hodi. Alijua ni nani aliyeleta mkate gani, na alijua pia kwamba hakuna kitu mwanamume wa Porth Nefyl anachokiogopa kama karatasi inayosema alihitaji msaada.

Alianza kwa Nest Parry, mjane mwenye miaka sabini na sita, mwenye mikate miwili sandukuni. Nest alimkaribisha jikoni, akasoma fomu polepole, kisha akaivua miwani yake.

"Dafydd wangu alikufa kitandani, mkono wake kwenye wangu," alisema. "Baada ya ile mara ya pili aliishi miaka kumi na mitano mingine. Akaona wajukuu watatu. Miaka kumi na mitano, Meinir! Na mimi nikaenda na mkate, nikauweka pale kama bubu. Sikusema asante hata mara moja. Leta kalamu."

Alisaini zote mbili kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Wengine hawakuwa wepesi hivyo. Mmoja alijificha bafuni mpaka mkewe akamtoa. Mwingine alisema hakuokolewa, ila alikuwa anaogelea, mwezi Februari, amevaa buti. Wawili walimfungia mlango na hadi leo hawamsalimu dukani.

Jana jioni alikuwa kwa Ifan Pwll, mfugaji mwenye miaka themanini na mitatu, aliyeporomoka jabalini akimfuata kondoo wake na kukwama juu ya mwamba maji yakipanda.

"Andika kondoo aliokolewa," Ifan alimwambia. "Mimi nilikuwa namsindikiza."

"Mzee, fomu ya kondoo hakuna."

"Basi hakuna saini."

Walibishana saa nzima kwa chai na mchuzi wa nyama na viazi. Mwishowe Ifan alisaini kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo Meinir analolitimiza asubuhi hii juu ya ngazi. Mstari wa ishirini na tisa unasomeka: mtu mmoja, na kondoo mmoja.

"Chama hakihesabu kondoo," anasema. "Mimi nahesabu."

Ndivyo alivyopanga. Kila fomu ikisainiwa, mstari unaandikwa. Ubao wa Porth Nefyl, uliokuwa na nafasi tupu pana kama uwanja, umejaa dhahabu mpya hadi karibu na chini. Mistari ishirini na tisa. Kati ya mikate iliyobaki, mitano ni ya watu waliokufa bila kuacha mtu au waliohama wasijulikane walipo. Miwili ni ya wale waliofunga milango. Mmoja ndio ule ulioungua chini.

Hapo ndipo Meinir anapoketi kwenye ngazi na kuanza kunieleza kwa sauti ya chini, maana Huw bado yupo nyuma ya trekta, na Gwilym ananoa kisu kwenye kona.

Siku ile ya tarehe kumi na mbili Machi, Emrys alikuwa ametoka peke yake kuwahi madema yake, mitego ya kaa, kabla ya tufani. Mashua yake ilizima mbele ya miamba, mahali ambapo kutoka kanisani unaona hata rangi ya koti la mtu. Boti ya uokoaji, Gwilym akiwemo, ilimfikia ikiwa imebaki kama mita arobaini kuifikia miamba. Emrys aliwaambia wenzake injini imekufa, na wakamwamini.

"Haikuwa injini," anasema Meinir. "Nimeishi na sababu hiyo miaka kumi na moja na sikuruhusiwa kuisema."

Jioni ile ni yeye aliyekwenda hadi mlangoni kwa Gwilym. Alimsihi asiandike. Alimwambia Emrys atakufa kwa aibu. Gwilym akakubali kwa kichwa, akajaza: mazoezi.

"Mimi niliyeomba! Mimi ninayewaandikia watu wa mbali bata wao, nilikwenda kuomba mume wangu asiandikwe. Sasa niambie, nimkasirikie nani kwanza?"

Emrys amekataa kusaini kwa wiki tano. Mwanzoni walibishana.

"Kila kiangazi nasimama bandarini nawafundisha watalii usalama wa baharini," alimwambia mezani. "Watanicheka mpaka Aberhafn."

"Wacha wacheke. Mtu aliyekufa hachekwi, Emrys. Ungependa hilo?"

"Usinipandishie sauti ndani ya nyumba yangu."

"Nyumba ungeiona wapi? Ungekuwa chini ya miamba, na mimi ningekuwa mjane wa miaka arobaini na saba!"

Tangu siku hiyo hawasemezani. Anampakulia chakula, anakiweka mezani, anaondoka. Emrys anaosha sahani yake. Jumapili wanakaa benchi moja kanisani, na katikati yao panatosha mtu wa tatu.

Saa sita mchana mlango wa kituo unafunguliwa. Safari hii unafunguliwa taratibu, kidogo tu, na anayeingia anaufunga kwa mikono miwili nyuma yake. Dhahabu haitikisiki.

Ni Emrys. Amevaa koti la kanisani siku ya Jumanne. Kwapani ana kitu kilichofungwa kwa taulo la jikoni.

Gwilym Rowlands, aliyekuwa akinoa kisu kwenye kona, anaacha kunoa. Emrys anakwenda hadi kwenye meza ya zana, anakifungua kile kitu na kukiweka. Ni mkate wa zabibu kavu. Umeinamia upande mmoja na katikati umedidimia.

"Nimeupika mwenyewe," anasema.

"Tunaona," anasema Huw.

Emrys hamjali. Anamgeukia Gwilym. "Uliniokoa," anasema. "Siku ile. Ulikuja ukaniokoa, Gwilym, na sikuwahi kukuambia asante."

Ndani ya kituo kile, chenye umri wa miaka zaidi ya mia moja, watu wa hapa hawajawahi kusikia mwenzao akilitamka neno hilo la kuokolewa. Gwilym anajipapasa mifukoni akitafuta kitambaa na hakioni.

"Fomu iko wapi?" Emrys anauliza bila kumtazama mkewe. Meinir anaitoa kwenye mfuko wa aproni. Wiki tano amekuwa akitembea nayo. Emrys anaijaza akiwa amesimama, na penye nafasi ya chanzo anaandika, kisha anaisoma kwa sauti ili yaishe: "Dizeli iliisha. Nilisahau kutia."

"Dizeli?" Huw anatoka nyuma ya trekta. "Dizeli! Shemasi, tulikuchangia injini! Kijiji kizima kilinunua na kula biskuti mbaya mwaka mzima kuchangia injini yako!"

"Ilikuwa injini nzuri," anasema Emrys kwa unyonge.

Gwilym anacheka hadi anakohoa. Huw anacheka. Meinir hacheki. Anashuka ngazi, anaichukua fomu, anahakikisha tarehe, anaikunja.

"Umechelewa," anamwambia mumewe. Ni neno lake la kwanza kwake tangu katikati ya Februari. "Wiki tano sijalala. Ukidhani mkate uliodidimia utamaliza, hujanijua. Tutaongea nyumbani."

"Sawa, mama," anasema Emrys. "Kuongea ndicho nilichokuwa nataka."

Meinir anapanda tena. Amebakiza nafasi ya mstari mmoja, aliipima kwa penseli siku nyingi. Anaandika tarehe kwa gundi itakayoshika dhahabu, brashi inakwenda bila kusita. Kisha anafika kwenye jina la chombo, na mkono unasimama.

Mashua ya Emrys inaitwa Meinir. Aliinunua mwaka waliooana, na Meinir mwenyewe ndiye aliyeandika jina hilo kwenye pua yake. Kwa miaka thelathini na mmoja ameandika maelfu ya majina kwenye mbao za kisiwa hiki. La kwake hajawahi.

Anashuka. Anakunywa chai bila sukari, anakula kipande cha ule mkate na kusema hakikuiva. Anapanda na kuliandika.

Gundi huchukua saa tatu kushika. Hakuna anayeondoka. Saa tisa na nusu mchana, saa ileile ambayo karatasi za Chama zinasema boti ilikwenda mazoezini, Meinir anainua dhahabu. Huw ameuegemea mlango kwa mgongo wake wote asiingie mtu. Herufi zinajitokeza moja baada ya nyingine, hadi safu ya mwisho, ya waliookolewa, ambapo anaweka tarakimu moja: 1.

Fomu ni thelathini. Kamati inaweza bado kukataa, na Meinir hajidanganyi. Amesikia kwamba boti mpya ya Aberhafn imeshapakwa rangi.

Alhamisi ana mpango wake. Bwana Hallam akifika hatapewa fomu kwanza. Atasimamishwa mbele ya ubao, na Nest, Ifan, Emrys na wengine watasimama kila mmoja chini ya mstari wake, na Bwana Hallam ataisoma kwa sauti mistari yote thelathini, pamoja na kondoo.

"Na wakishasoma waseme bado wanaichukua boti," anasema Meinir akifuta brashi, "watanikuta hapa Septemba. Huu ubao nimeupigilia misumari mipya kumi na miwili. Waulize kama wana nyundo ya kuing'oa."

Anamgeukia Huw.

"Sasa fungua huo mlango. Tunakufa kwa joto humu."